Vidole vya shangazi

Nimetoka kumpokea shangazi steji hapa Nakuru. Matatu ya Kericho. Magunia mawili, godoro limekunjwa, na kuku mmoja anayelalamika.

Miaka 19 amechuma majani chai, akilipwa kwa kilo. Sasa shamba limeleta mashine. Watu wawili wanaishika huku na huku, inapita juu ya michai kama kinyozi, na waliokuwa safu nzima wanaambiwa watapigiwa simu.

Mnakumbuka Mei 2023, mashine zilipochomwa moto Kericho? Nilisema hao ni wahuni tu. Leo nimeona aibu kidogo.

Sitetei kuchoma, jamani. Na wenye mashamba nao wana hesabu zao: chai inauzwa mnadani Mombasa kwa dola, mnunuzi mkubwa ni Pakistani, na huko hakuna anayeuliza ilichumwa na nani.

Lakini sikilizeni.

Jioni nimempa sukuma wiki atuchumie pale nyuma ya nyumba. Akaanza kwa mikono miwili, haraka, ncha tu, ncha tu, huku akitupa nyuma ya bega.

Hakuwa na kikapu mgongoni.

Majani yakaanguka chini. Akageuka, akayatazama, akacheka. Mimi nimeshindwa kucheka.

Sasa analala. Vidole vyake bado vina ule weusi wa utomvu wa chai, hautoki kwa sabuni.

Nani mwingine ana mtu wake aliyerudi nyumbani hivi? Anafanya nini siku hizi? Niambieni, kesho ataniuliza.