Nilivyosimamia kuandikwa kwa historia ya uendeshaji wa miradi NASA bila kuishia kwenye kijitabu cha sifa

Mkurugenzi wetu alitoka semina moja akiwa ameupenda sana ule msemo wa NASA, taasisi ya anga ya Marekani, wa miaka ya 1990, haraka zaidi, bora zaidi, nafuu zaidi, akataka mainjinia wetu wote wapewe kijitabu cha kurasa chache chenye picha za rangi kinachoeleza Wamarekani walivyofanikiwa kwa njia hiyo. Mimi ndo nashughulika na mafunzo pale ofisini, tupo Dar, tunasimamia miradi ya maji na barabara za vijijini, kwa hiyo kazi ikatua mezani kwangu.

Sasa mimi habari za NASA nimezifuatilia tangu nipo chuo, nilijua ule msemo ulifikia wapi mwaka 1999, na niliona kabisa kwamba ukimpa injinia kijana wa halmashauri nusu ya kwanza ya hadithi hiyo halafu ukamnyima nusu ya pili unamuumiza, atakwenda kupunguza bajeti ya majaribio na ukaguzi akidhani anafanya kama NASA. Nikaomba nafasi nikamwambia, Mkurugenzi, badala ya kijitabu tuagize historia yenyewe, kuanzia taasisi inaanzishwa 1958 mpaka ajali ya chombo cha anga cha Columbia 2003, iandikwe na mtu wa historia na si kampuni ya matangazo. Akauliza pesa. Nikamwonesha kwamba hela ileile ya picha za rangi inatosha kumlipa mwandishi mmoja, kwa sababu nyaraka nyingi za NASA zipo wazi, ripoti za bodi za uchunguzi, historia zao wenyewe, mpaka intavyuu za wazee wa Apollo, ule mradi wa kupeleka watu mwezini, neno kwa neno, na huko Marekani kazi za serikali hazifungwi na hakimiliki. Akakubali, kwa sharti kwamba kiwe kwa Kiswahili ambacho fundi sanifu wa wilayani anaweza kukisoma.

Kilichonisaidia zaidi ni kuangalia NASA wenyewe wanafanyaje, maana wao hii kazi wameanza zamani. Sheria iliyoianzisha NASA iliwataka watangaze matokeo ya kazi zao kwa upana kadiri inavyowezekana, na mwaka 1959 tu, taasisi haina hata miaka miwili, tayari walikuwa na mwanahistoria wao, Eugene Emme. Wakajenga utaratibu wa kuingia mikataba na wasomi wa nje, wakawafungulia makabrasha, na mwaka 1982 wakachapisha historia nzima ya jinsi taasisi ilivyosimamiwa enzi za Apollo, yaani sio ya roketi wala wanaanga, ya menejimenti tu, nani alimripoti nani, mikataba ilisainiwaje, bajeti ilipangwaje. Mimi hilo lilinigusa, taasisi ya serikali kukubali mtu wa nje apekue namna inavyofanya maamuzi.

Kitengo cha manunuzi wakataka kotesheni tatu kama vile nanunua matairi, tukavutana kidogo, mwisho tukapata njia ya kumwajiri mshauri mmoja mmoja, na nikampata mhadhiri mstaafu wa historia, mama mmoja makini sana, ambaye kabla hata hatujaongelea malipo aliniuliza, "Mwanangu, ofisi yako inataka historia au inataka sifa? Kama ni sifa niambie sasa hivi, nisipotezee watu muda." Nikamwambia tunataka historia, Mwalimu. Akasema basi andikeni hivyo kwenye mkataba.

Na tuliandika. Hadidu za rejea nilizirudia mara nyingi mpaka zikabaki na swali moja kubwa: ni uamuzi gani ulifanyika, na nani, lini, na alikuwa na taarifa gani mkononi siku hiyo. Hiki kipande cha mwisho ndo kila kitu. Ukiacha hicho, kila anayesoma habari ya ajali anajiona yeye angekuwa na akili kuliko waliokuwepo. Halafu tukaweka kwamba wasomaji wetu wa ndani, injinia mmoja mwandamizi, mhasibu mmoja na mimi, tunaruhusiwa kutoa maoni kwa maandishi tu, tukionesha kosa la ukweli tutarekebishiwa, ila tafsiri ya mambo na hukumu ni za mwandishi, na hakuna aya itakayofutwa kwa sababu inaaibisha. Malipo kwa sura, sura ikikubalika analipwa, ili asikae miezi anasubiri hela ya ofisi.

Sura ya Apollo ilipofika ndo nikajua tumempata mtu sahihi. Wengi tunajua watu walitua mwezini Julai 1969, basi. Mwalimu akaanza na 1963, George Mueller anaingia kusimamia safari za binadamu, anakuta timu ya mtaalamu wa roketi Wernher von Braun inapanga kujaribu roketi ya Saturn V hatua kwa hatua, ya kwanza peke yake, halafu ya kwanza na ya pili, yeye akasema hapana, tutarusha roketi nzima kwa mara moja hatua zote zikiwa hai. Wale wakongwe walishtuka, lakini tarehe 9 Novemba 1967 Apollo 4 ikaruka hivyohivyo na ikafanya kazi. Pembeni yake Mueller alimleta Jenerali Samuel Phillips kutoka mradi wa makombora ya Minuteman, huyu akaleta nidhamu kwamba mchoro ukishapitishwa hakuna anayebadili hata kipande kidogo mpaka ioneshwe mabadiliko hayo yatagharimu kiasi gani, yatachelewesha nini na yatagusa sehemu zipi nyingine. Injinia wetu mwandamizi aliposoma hapo akapiga kalamu chini ya mistari yote, akasema hiki ndo kinatumaliza site, mkandarasi anabadili kipenyo cha bomba kwa simu.

Ila Mwalimu hakuishia kwenye kushangilia. Mwishoni mwa 1965 timu ya Phillips ilishakagua kazi za mkandarasi wa chombo cha Apollo ikakuta matatizo mengi ya ubora, gharama na ratiba, na matokeo yakaandikwa. Tarehe 27 Januari 1967 moto ukawaka ndani ya chombo kikiwa kwenye majaribio ardhini, wakafa wanaanga Grissom, White na Chaffee, na baadaye Seneta Walter Mondale alipomuuliza mkuu wa NASA James Webb kuhusu ripoti ile, ikaonekana Webb mwenyewe haijui. Hii sura niliisoma usiku nikashindwa kulala kwa kweli, kwa sababu sisi pia tuna ripoti ambazo zinafika ngazi fulani zinakwama, na kule waliokwamishiwa taarifa walikuwa na pesa, mwaka 1966 NASA ilikuwa inachukua zaidi ya asilimia 4 ya bajeti nzima ya serikali ya Marekani na kazi ya Apollo ilishikilia watu kama 400,000, wengi wao wa makampuni na vyuo.

Tukaja kwenye msemo wenyewe. Daniel Goldin alichukua uongozi wa NASA 1992, na mwaka uliofuata chombo cha gharama kubwa cha Mars Observer kikapotea kikiwa kinakaribia kuingia kwenye mzunguko wa sayari ya Mars, hoja ya kurusha vidogo vingi vya bei nafuu ikapata nguvu. Na ilifanya kazi, tusiseme uongo, Pathfinder ilitua Mars tarehe 4 Julai 1997 ikidundadunda kwenye mifuko ya hewa, ikashusha kigari cha kilo kama 10 na nusu, kwa sehemu ndogo tu ya gharama za vyombo vya Viking vilivyotua Mars miaka ya 1970. Lakini katika misheni 16 za mtindo huo zilizorushwa miaka hiyo, 10 ndo zilifaulu, na 1999 ilikuwa mbaya, vilipotea vyombo viwili, Mars Climate Orbiter tarehe 23 Septemba, Mars Polar Lander tarehe 3 Desemba.

Hapo ndo tulipogombana. Injinia wetu alitaka habari ya Climate Orbiter iwe mistari miwili, kwamba programu ya kompyuta ya mkandarasi ilitoa namba za nguvu kwa vipimo vya pauni wakati waongozaji wa JPL, maabara ya NASA, walitegemea nyutoni, tofauti ya mara 4.45, chombo kikapita chini mno kwenye hewa ya Mars, kikaangamia, mwisho. Mwalimu akakataa. Akaandika kurasa kadhaa na ndo kurasa bora kuliko zote. Alieleza kwamba chombo kilikuwa na paneli ya jua upande mmoja tu, mwanga wa jua ukawa unakisukuma na kukizungusha, magurudumu ya ndani yanayokizuia yakawa yanajaa nguvu, na kila yakijaa injini ndogo zinawashwa kuyapunguzia, kazi hiyo ikafanyika mara 10 hadi 14 zaidi ya walivyotegemea, na kila mara namba isiyo sahihi inaingia kwenye hesabu za njia. Kimerushwa Desemba 1998, kimefika Septemba 1999, ni zaidi ya miezi tisa. Katikati waongozaji waliona namba hazikai sawa, wakaulizana kwa barua pepe, suala halikuingizwa kwenye utaratibu rasmi wa kufuatilia matatizo, na timu ilikuwa ndogo inayobeba vyombo zaidi ya kimoja. Walipanga kipite kilomita kama 226 juu ya Mars, hesabu za baadaye zikaonesha kilipita kwenye 57. Bodi iliyoongozwa na Thomas Young ilisema mwaka 2000 kwamba miradi ile ya Mars ilipungukiwa fedha kwa angalau asilimia 30. Kwa hiyo kuchanganya vipimo kulitokea sehemu moja, lakini kukaa nako miezi tisa bila kukamata, hilo ni suala la uendeshaji, na mimi nilisimama na Mwalimu kwa kutumia kipengele cha mkataba, maoni ya injinia yakawekwa kwenye faili na kurasa zikabaki.

Kuna sehemu hatukuiagiza akaiongeza mwenyewe, nilisita kwanza halafu nikaipenda. Setilaiti ya Uhuru. Hii ilikuwa ya NASA, kama kilo 140 tu, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco pale baharini karibu na Malindi, na meneja wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend wa kituo cha Goddard, ndiye aliyeipa jina. Ikatafuta miale ya eksirei angani na orodha yake ikafikisha vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza sayansi yake akapata Nobeli 2002. Hoja ya Mwalimu ni kwamba udogo na unafuu NASA walikuwa nao miaka ishirini na zaidi kabla ya msemo, ila lengo lilikuwa moja na roketi ya Scout ilishazoeleka. Kurusha karibu na ikweta nako kuliisaidia kukwepa mionzi inayovuruga vipimo. Wasomaji wetu wa Tanga na Pwani walishangaa kwamba hayo yalifanyika jirani hivyo (na Unguja, Tunguu, kulikuwa na kituo cha kufuatilia safari za Mercury, zile za kwanza za Wamarekani angani, mpaka 1964).

Mkurugenzi aliposoma drafti nzima akauliza kama sura ya 1999 inaweza kuwa nyuma kabisa kama kiambatisho. Nikamwomba asome kwanza ule ukurasa wa barua pepe. Alirudisha kitabu na utangulizi alioandika kwa mkono wake, sura zikabaki zilipokuwa, na akaagiza kila mkoa upate nakala.

Kwenye mafunzo sasa nawagawia ukurasa wa Climate Orbiter mpaka Agosti 1999 tu, nawauliza, we ndo meneja, umepata barua pepe hii, unafanya nini, na kile chumba huwa kinachangamka, kila mtu ana mradi wake wa kisima au daraja unaofanana. Mwalimu ameshakubali kazi ya pili, historia ya ofisi yetu wenyewe kwa swali lilelile, na tumeanza na wastaafu wa idara ya maji ambao bado wapo, maana wao ndo wanajua kwa nini baadhi ya mitambo ilijengwa ilipojengwa.