2:09:48 mara mbili: jinsi sekunde 0.03 zilivyompa Simbu dhahabu ya Tokyo

Karatasi ya matokeo ya marathoni ya wanaume, Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo, Septemba 15, 2025, inaanza hivi: Alphonce Felix Simbu, Tanzania, 2:09:48. Amanal Petros, Ujerumani, 2:09:48. Wa tatu ni Iliass Aouani wa Italia, 2:09:53. Mbio zilianza saa 1:30 asubuhi kule Tokyo, yaani saa 7:30 usiku kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo wengi waliamka na kukuta dhahabu imeshapatikana na swali limeshazagaa: kama muda ni mmoja, mbona mmoja kapewa dhahabu na mwingine fedha?

Jibu ni sekunde 0.03. Hii ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano haya yaanze mwaka 1983, na inastahili kueleweka vizuri, hatua kwa hatua, ili asitokee mtu wa kuiita bahati.

Tuanze na ule muda unaofanana. Kanuni za riadha zina namna mbili za kuandika muda. Mbio za uwanjani, kuanzia mita 100 hadi 10,000, huandikwa kwa mia ya sekunde. Mbio zinazokimbiwa barabarani, hata kama zinamalizikia uwanjani, huandikwa kwa sekunde kamili, na siku zote sehemu ya sekunde inapandishwa kwenda juu, haishushwi. Mtu akimaliza kwa 2:09:44.32, anaandikiwa 2:09:45. Kwa hiyo 2:09:48 ni kapu la sekunde nzima: aliyevuka mara tu baada ya 2:09:47 na aliyevuka kwenye 2:09:48 kamili wote wanaingia humo. Muda huandikwa kwa ajili ya kumbukumbu. Nafasi inaamuliwa na kitu kingine kabisa, yaani nani alitangulia kufika kwenye mstari, na hiyo husomwa kwenye picha ya kumalizia.

Picha hiyo si picha kama za simu. Kamera yake inatazama sehemu moja tu, ule ukingo wa mstari wa kumalizia ulio upande wa mkimbiaji anapokuja. Inachukua mkanda mwembamba sana wa pale, angalau mara 1,000 kwa sekunde, kisha mikanda hiyo inaunganishwa ubavu kwa ubavu hadi inakuwa picha moja ndefu. Ukiitazama unadhani unaona wakimbiaji wakifuatana barabarani, kumbe upana wa picha ile ni muda, si umbali. Kila ulichokiona pale kilikuwa juu ya mstari, ila kwa nyakati tofauti. Ndiyo maana nyuma yao kote ni kweupe: kamera haioni kingine zaidi ya mstari wenyewe, ambao ni mweupe. Ndiyo maana pia utakuta kiatu kimevutika kirefu ajabu. Mguu uliokanyaga mstari ukatulia hapo kwa muda hurudiwa katika mikanda mingi mfululizo, na mguu uliopita hewani kwa kasi huonekana mfupi kuliko ulivyo.

Mwamuzi huchukua mstari wa wima kwenye kompyuta na kuusogeza mpaka uguse kiwiliwili cha mkimbiaji. Neno kiwiliwili hapa lina uzito wake. Kichwa hakihesabiwi, shingo haihesabiwi, wala mikono, miguu, viganja na nyayo. Kinachohesabiwa ni kifua na mwili ule wa kati. Unaweza kutanguliza kichwa na mikono yote miwili mbele ya mstari na bado ukawa wa pili.

Hapo ndipo pa kumtazama Petros. Walikuja wawili kwenye mita za mwisho, Mjerumani akiwa mbele, akajirusha kwenye mstari na kuanguka. Simbu alipita akiwa wima, kifua kimeinamishwa tu. Anayejirusha huonekana machoni kama ndiye aliyefika kwanza, kwa sababu jicho hufuata kichwa na mikono. Lakini mara mguu wa mwisho unapoachana na ardhi, hakuna tena cha kukusukuma. Kasi uliyonayo ndiyo hiyohiyo, haiongezeki, na aliye pembeni yako bado anasukuma. Ukijirusha mapema hata kwa hatua moja umeshapoteza. Walimu wa mbio fupi huwafundisha vijana wakimbie kana kwamba mstari uko mita chache mbele zaidi, na kifua kiinamishwe kwenye hatua ya mwisho tu. Kulifanya hilo baada ya kilomita 42, mapaja yamekufa ganzi na jasho machoni, ni kazi nyingine. Simbu mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake liko juu kwenye skrini.

Sekunde 0.03 ni umbali gani? Kilomita 42.195 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48 ni wastani wa mita 5.4 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, 0.03 ni kama sentimita 16, na kwa kuwa pale mwishoni walikuwa wameshachomoka, umbali wenyewe ulizidi hapo kidogo. Mstari wa kumalizia una upana wa sentimita 5. Katika fainali ya mita 100 ya wanaume kwenye mashindano hayohayo, Oblique Seville alishinda kwa 9.77 na Kishane Thompson akafuata kwa 9.82, tofauti ya 0.05. Marathoni iliisha kwa karibu zaidi kuliko mita 100.

Na wanaokimbia na kifaa kidogo cha kielektroniki kwenye namba au kiatu watauliza, si hicho ndicho kinachotoa muda? Kinasaidia kupata muda wa watu wengi kwa haraka, lakini kinapima kilipo chenyewe. Kikiwa kwenye kiatu, kinasoma mguu, na mguu hauhesabiwi. Watu wawili wakifika pamoja, kifaa hicho hakiwezi kuwatenganisha kwa haki.

Sasa mbio zenyewe. Kuna waliocheka muda: 2:09:48, wakati marathoni za miji mikubwa zinakimbiwa kwa 2:03 na 2:04? Hawa wanalinganisha vitu viwili tofauti. Katika marathoni nyingi za kibiashara kuna wakimbiaji wanaolipwa kuvuta kasi hadi kilomita ya 30 hivi, na hali ya hewa inatafutwa ya ubaridi. Kwenye Mashindano ya Dunia hakuna mvutaji. Joto na unyevu wa Tokyo ulikuwa mkali kiasi kwamba waandaaji waliamua mbio zianze nusu saa mapema zaidi. Hapo hesabu inabadilika. Anayetoka mbele anawakinga wenzake upepo na kuwafanyia kazi bure. Kila mmoja anajificha kwenye kundi, mwendo unakuwa kama dakika 3:05 kwa kilomita, na mbio zote zinasubiri mwishoni. Maji nayo ni shughuli: vituo viko takriban kila kilomita 5, unapita ukiwa na mwendo wa kilomita 19.5 kwa saa, na chupa yako iko mezani katikati ya mikono ya watu wengine. Ukiikosa moja, huioni athari yake palepale. Inakuja kukudai kilomita ya 35.

Mbio za namna hii zinamtaka mtu mvumilivu mwenye mguu wa mwisho, na rekodi za Simbu zilishasema hilo mapema. Rio 2016, wa tano. London 2017, shaba kwa 2:09:51, sekunde 2 tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyechukua fedha kwa 2:09:49. Halafu Boston, Aprili 2025, nayo ni marathoni isiyo na wavutaji: Simbu wa pili kwa 2:05:04, na Mkenya Cyprian Kotut wa tatu kwa 2:05:04 ileile. Miezi mitano kabla ya Tokyo alikuwa ameshapigania nafasi bega kwa bega mpaka mstarini, akashinda pigano hilo. Kwa maoni yangu, karatasi ya Boston ndiyo iliyotabiri dhahabu ya Tokyo kuliko muda wowote wa haraka. Ukiitazama tena ile ya London utaona kitu kingine cha kushangaza: miaka minane imepita, na muda umetofautiana kwa sekunde 3 tu.

Kabla ya Simbu, medali nyingine ya Tanzania kwenye mashindano haya ilikuwa fedha ya Christopher Isegwe, naye kwenye marathoni, Helsinki 2005, kwa 2:10:21. Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16 mwaka 1974 pale Christchurch, na Suleiman Nyambui aliyeleta fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980, walikuwa wameng'ara kabla Mashindano ya Dunia hayajaanzishwa. Medali zote tatu, basi, zimetoka barabarani. Uwanjani hakuna hata moja, na hilo linauma, maana kijana wa Singida au Manyara hazaliwi na mapafu ya barabarani peke yake. Anakosa uwanja wa kukimbilia na mashindano ya kutosha.

Majirani zetu Kenya walionyesha upande huo wa uwanjani unavyokuwa ukitunzwa. Medali 11, dhahabu 7, nafasi ya pili nyuma ya Marekani. Beatrice Chebet alichukua 5,000 na 10,000. Faith Kipyegon alishinda 1,500 kwa 3:52.15, taji lake la nne la dunia katika mbio hizo. Peres Jepchirchir alimshinda Tigst Assefa kwa sekunde 2 kwenye marathoni, Faith Cherotich akatwaa mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Emmanuel Wanyonyi akashinda 800 kwa 1:41.86. Lakini ukitaka namba moja tu ya kuiweka ukutani, chukua 1:54.62 ya Lilian Odira katika mita 800. Rekodi ya mashindano aliyoivunja ilikuwa 1:54.68 ya Jarmila Kratochvílová, iliyowekwa Helsinki 1983, kwenye mashindano ya kwanza kabisa. Ilikaa miaka 42. Ethiopia, kwa upande wao, walirudi na medali 4 bila dhahabu hata moja.

Na ukitaka kuona kanuni ya picha ikifanya kazi uwanjani, angalia mita 400 mara nne kupokezana vijiti wanaume. Botswana dhahabu, 2:57.76. Marekani na Afrika Kusini wote 2:57.83. Pale ilibidi kusoma elfu ya sekunde, na fedha ikaenda Marekani.

Haya yote yana faida kwa anayesimamia mbio za shule, UMITASHUMTA au UMISSETA, mwenye saa za mkononi na filimbi. Makosa yanayorudiwa kila mwaka ni machache na yanarekebishika. La kwanza, kuanzisha saa kwa kusikia mlio. Sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100, mara kumi ya tofauti iliyompa Simbu dhahabu. Tazama moshi wa bastola, au bendera inayoshushwa, usingoje sikio. La pili, mpima saa kusimama mbele au nyuma ya mstari. Simama sambamba na mstari, ikiwezekana mita 5 nje ya njia ya mwisho, mahali pa juu kidogo. Ukikaa kwa mshazari, utampendelea aliye njia fulani bila kujua. La tatu, kumwachia mwenye saa aamue nafasi. Wapima saa wapime saa, na waamuzi wengine waangalie nani kafika kwanza kwa kifua. Kwa mshindi weka saa tatu: mbili zikikubaliana, chukua hiyo, zote zikitofautiana, chukua ya katikati. Zikibaki mbili tu, chukua inayoonyesha muda mrefu zaidi. Na muda wa mkono mbio za uwanjani uandikwe kwa kumi ya sekunde, ukipandishwa: saa ikisema 11.42, andika 11.5.

Simu nayo inafaa, kama itafungwa kwenye kitu kisichotikisika, lenzi ikilenga ukingo wa mstari barabara. Ila washa ule mfumo wa mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde. Video ya kawaida ni picha 30 kwa sekunde, yaani kati ya picha moja na nyingine panapita sekunde 0.033. Kwa video hiyo Simbu na Petros wangeweza kuvuka mstari wote wawili katikati ya picha mbili, na hakuna mtu ambaye angejua nani alitangulia.