Intaneti Inapokatika, Pima Kwanza Hadi Kwenye Ruta

Hapa Lamu, intaneti ya nyumbani ikianza kukatika, lawama humwendea mtoa huduma kabla ya mtu kupima chochote. Mimi hufanyia kazi zangu nyumbani, katika mtaa wa Mkomani, na jamaa na majirani hunijia mara kwa mara na malalamiko hayo. Naandika njia ninayoifuata kwa sababu inaniuma kuona mwanafunzi akikosa somo au mfanyabiashara akikosa kujibu wateja wake, ilhali kasoro ingeweza kujulikana mahali ilipo kwa vipimo viwili vinavyoendeshwa kwa pamoja.

Mawasiliano hupita vipande vitatu: kutoka kompyuta hadi ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani), kutoka ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma hadi ulimwengu wa nje. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, kisha tafuta nambari iliyo mbele ya maneno "Default Gateway", ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Andika ping, nambari hiyo, na -t mwishoni, ili kompyuta iendelee kuibishia hodi ruta bila kukoma. Katika dirisha la pili andika ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni anwani ya seva ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Yaache madirisha yote mawili yaendelee huku ukifanya kazi zako, mpaka mtandao usumbue.

Majibu yakikatika kwenye madirisha yote mawili kwa wakati mmoja, kasoro imo ndani ya nyumba, na kumpigia simu mtoa huduma hakutasaidia. Ruta ikiendelea kujibu kwa milisekunde chache ilhali dirisha la pili linaandika "Request timed out", kasoro iko nje. Na ikiwa yote mawili yanajibu vizuri lakini kurasa hazifunguki, tatizo huenda liko kwenye seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari. Hapo jaribu kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 katika mipangilio ya DNS ya kompyuta, na shida hiyo mara nyingi huisha.

Katika nyumba zetu za kale, jibu ninalokutana nalo zaidi ni lile la kwanza, na sababu yake ni ujenzi wenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene ajabu, na wakati wa mvua za masika hushika unyevu, nayo maji hufyonza mawimbi ya redio. Zaidi ya hayo, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine: kutoka kiwanda, yaani ua wa nyumba, unaingia msana, yaani ukumbi mrefu, kisha msana wa pili, kisha chumba cha ndani. Ruta iliyofungwa karibu na mlango wa nje, kwa kuwa hapo ndipo fundi alipoona wepesi wa kupitisha waya, hulazimika kupenya kuta hizo zote kabla ya kumfikia anayesoma ndani. Masafa ya mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila hayo nayo hujazana katika mtaa wenye nyumba zilizobanana kama wetu. Kwa masafa hayo, ingia katika mipangilio ya ruta na uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, ukitazama ni ipi ambayo majirani hawaitumii sana.

Kabla ya kuhamisha chochote, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao na urudie vipimo. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mikatiko ikitoweka, mshukiwa ni Wi-Fi, ama kwa sababu ya kuta, ama kwa sababu kompyuta hukizima kifaa chake cha Wi-Fi ili kuokoa umeme, jambo ambalo huondolewa kwenye Device Manager, katika sehemu ya usimamizi wa umeme ya kifaa hicho. Ikiwa ni kuta, isogeze ruta hadi katikati ya nyumba, mahali palipo wazi, wala si ndani ya kidaka, yaani shubaka la ukutani, maana kidaka kimezungukwa na mawe. Nyumba ikiwa kubwa, pitisha kebo hadi ndani na ufunge huko kifaa cha pili cha kurusha Wi-Fi. Kebo moja ya shaba hufaa hadi mita 100, na hakuna nyumba ya mjini itakayoihitaji yote.

Kasoro ikiwa nje, na intaneti yako huja kwa antena, anzia juu ya paa ilipofungwa. Chumvi ya bahari hula viunganishi vya shaba visivyozibwa vizuri, na upepo wa kusi unaweza kuisukuma antena kidogo tu, ikaacha kuelekea mnara wake. Wakati mwingine kasoro huwa mbali zaidi: mnamo Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Siku kama hiyo ruta yako haina kosa, na kuirudisha katika mipangilio ya kiwandani kutakuongezea kazi bure.

Unapompigia simu mtoa huduma, mpe saa ya kila mkatiko na picha ya madirisha yote mawili, moja likijibu na jingine likiwa kimya, na umweleze kwamba ulipima kwa kebo. Fundi aliyepewa taarifa hiyo hana haja ya kuanza kwa kukuambia uzime ruta na kuiwasha. Anapanda paani moja kwa moja.