Tulivyohamisha hela za kikoba kutoka kwenye sanduku kwenda kwenye simu

Kuna akina mama wa Bahi na Chamwino wenye vikundi kama chetu wamekuwa wakiniuliza sana hili jambo, kwahiyo naona bora niandike lote kwa pamoja.

Mimi ni katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha wanawake huku Mpunguzi, Dodoma, njia ya Iringa, wengi wetu tunalima zabibu na alizeti na wengine wana magenge ya kuuzia mboga na vitu vidogo vidogo. Toka tumeanza hela zetu zilikuwa zinakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti na sanduku lenyewe analala nalo mtu wa nne. Siku ya kikao wahesabuji wanamwaga hela kwenye beseni, noti za elfu kumi pembeni, za elfu mbili pembeni, sarafu zinapangwa mafungu mafungu, kila mtu macho kodo, alafu mwenyekiti anauliza kikao kilichopita tuliacha shingapi, na wote mnatakiwa mjibu kwa kichwa bila kuangalia daftari. Ikitofautiana hata mia mbili hamuondoki mpaka ijulikane imeenda wapi.

Na lile sanduku lilitutunza vizuri kwakweli, hatukuwahi kuibiwa. Kilichotushinda ni watu kutawanyika. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ni wa 1973 lakini sisi huku tuliuona kwa macho baada ya 2016 serikali iliposema sasa tunahama, na 2018 Dodoma ikawa jiji, ujenzi wa mji wa serikali ukaanza kule Mtumba, hapo ndo wenzetu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kuna walioenda kupikia mafundi Mtumba na Ihumwa, mwingine akapata kizimba Nzuguni anauza mboga, mwingine familia iliuza kiwanja wakasogea mjini. Ni jambo jema, watu wamepata hela ambayo shamba halikuwahi kuwapa. Ila mtu wa Mtumba akija kikao Mpunguzi anapanda magari mawili na biashara ya siku ile imekufa, kwahiyo wakawa wanatuma hisa zao, yaani hela ambayo kila mwanachama anaweka, kwa simu kwa mwenzao aliyeko huku, huyo anaenda kwa wakala anatoa, anakatwa, analeta noti tunafungia sandukuni, alafu kesho yake mtu akikopa anazibeba noti zilezile anarudi nazo kwa wakala kuziweka kwenye simu amlipie mtoto ada. Yaani hela inatoka kwenye simu inapita kwetu inarudi kwenye simu, na kila ikipita inapungua.

Nikaleta wazo tufungue akaunti ya kikundi kwenye simu, ile ambayo hela haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Wengi walikataa na walikuwa na sababu. Bibi mmoja tunayemheshimu sana akasema mwanangu, hela ya sandukuni naiona, hiyo ya kwenye simu nani kaiona? Kila mtu hapa ameshatumiwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" na tunawajua waliotuma kweli wakalia. Alafu Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, basi hata waliokuwa wameanza kunielewa wakarudi nyuma, mtu akipiga hesabu ya makato anaona bora sanduku. Sikubishana nao maana hesabu yao ilikuwa sahihi. Nilisubiri mpaka tozo zilipopunguzwa ndo nikalirudisha tena kikaoni.

Sasa kazi kubwa, na hapa nataka mnisikilize vizuri, haikuwa simu. Simu watu walikuwa nazo, viswaswadu vinatosha kabisa, huhitaji bando wala simu ya kupapasa, ni kubonyeza nyota tu. Shida ilikuwa laini. Ule usajili wa alama za vidole wa 2019 mpaka Januari 2020 ulitaka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na akina mama wengi wakati ule hawakuwa nayo, kwahiyo laini zikasajiliwa kwa jina la mume au la kijana wa kaka yake ili zisifungiwe. Maana yake hisa za mama zinakaa kwenye laini ambayo kisheria ni ya mtu mwingine, wakigombana au huyo mtu akifariki mama anaanzia wapi kudai? Tukaamua hakuna kuhamisha hata shilingi mpaka kila mwanachama awe na laini kwa jina lake mwenyewe. Tulienda kwa makundi kufuatilia vitambulisho, wengine ilichukua muda mrefu sana na wengine walikuwa wanakata tamaa, tukawa tunachangiana nauli. Kuna waume walinuna, wakauliza mnaficha nini. Mwenyekiti wetu alienda kuongea nao nyumbani kwao kwa adabu, "shemeji hatufichi kitu, ila jina la kwenye laini lazima liwe la mwenye hisa", wengi wakaelewa.

Kilichofuata ni namba ya siri. Yule bibi hajui kusoma, na mjukuu wake ndo alikuwa anamfanyia kila kitu mpaka namba ya siri anaijua. Nikakaa naye uani kwake, anachambua mlenda huku tunafanya mazoezi. Hakujifunza kusoma menyu, alishika mfuatano wa namba tu, bonyeza hii, subiri, bonyeza hii, subiri, anahesabia kwenye vidole vya mkono wa kushoto na wa kulia unabonyeza. Namba ya siri akachagua kitu anachokijua yeye peke yake na hata mimi nilimwambia usiniambie, nikageuka nikaangalia ukutani. Alipotuma hisa yake ya kwanza akanishika mkono akasema imeenda? Nikamwambia imeenda bibi.

Lakini nadhani kilichotuokoa ni kwamba hatukuacha kuhesabu mbele ya watu. Tunakutana mara moja kwa mwezi, aliye mbali tunampigia tunaweka sauti kubwa, kila mtu anafungua meseji yake ya muamala anaisoma kwa sauti au anasomewa na jirani, kiasi na tarehe, mimi nafuatisha kwenye daftari, alafu mwenyekiti anauliza lile swali lake lilelile tuliacha shingapi. Vikundi ninavyovijua vilivyovunjika baada ya kuhamia kwenye simu viliacha hiki kitu, wakamwachia katibu mmoja ndo anajua salio, na wenzake wakawa wanasikia tu. Serikali imeweka minara, umeme umefika vijiji vingi, wenye mitandao wanaleta huduma mpya kila mwaka, nashukuru, ila naumia nikiona hakuna anayelipwa kukaa uani na bibi kumfundisha.

Faida tumeiona. Zamani mwanachama akipata dharura katikati ya mwezi anasubiri kikao au anaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, riba inamla mpaka anauza kitanda. Sa hivi anaomba, viongozi wanaidhinisha hata mmoja akiwa sokoni Nzuguni, jioni hela imeingia. Mfuko wa jamii tu ndo tumeuacha kwa mkono kwa makusudi, msiba ukitokea watu wanabeba unga na hela wanaenda wenyewe, hilo hatutaki liende kwenye simu.

Anayetaka kuanza, aanze na vitambulisho kabla ya kitu chochote, na ahamishe baada ya mzunguko kuvunjwa na kila mtu kapata mgao wake, sio katikati wakati kuna madeni nje. Na achague msimu watu wana hela, sisi tulifanya baada ya kuuza zabibu za mwezi wa tisa, mwezi wa kwanza na wa pili watu huku wako kwenye palizi na ghala limeisha, mtu hata wa kumsikiliza hutampata.