Siku Mwenzetu Alipoachiwa Kikosi

Jana tukiwa kwenye matatu ya Thika Road, tulipokaribia Ruaraka, binti yangu aliwaona vijana wa NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) waliovaa kijani. Barua yake ya kujiunga na chuo kikuu imefika juzi tu. Akaniuliza, "Baba, ni kweli nanyi mlipigishwa kwata kabla ya kuingia chuo?" Nikamjibu ni kweli. Jibu refu nimelala nalo.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu. Kisha, kuanzia 1984 hadi 1990, aliyeitwa chuo kikuu alipitia kwanza mafunzo ya NYS. Sisi tulipelekwa Gilgil. Kuamka gizani, kufyeka, ugali na maharagwe: hayo yapite.

Asubuhi ninayoikumbuka ni ile afande alipomtoa mstarini mwenzetu mmoja, kijana mpole aliyependa hesabu, akamwambia, "Kikosi ni chako. Kipeleke mpaka kwenye ua wa waya, ukirudishe."

Kufikia hapo kutii tulikuwa tumekujua. Unaanza na mguu wa kushoto, mkono wa kulia ukienda nao mbele hadi usawa wa bega; hatua moja ni inchi 30. Kuruta anayewaza sana hurusha mkono na mguu wa upande mmoja, kwa sababu ameanza kuuamuru mwili kitu ambacho mwili unakijua tayari. Dawa yake ni kumwacha atembee kama anayeenda dukani, kisha kumtilia hesabu polepole.

Kuamrisha ni kazi nyingine kabisa. Agizo lina vipande viwili. "Nyuma" huwaonya watu wajiandae, "geuka" huwatendesha, na kati yake lazima pawe na nafasi ya kutosha akili kufika miguuni. "Geuka" hutamkwa pale mguu uliopangwa unapogusa ardhi. Ukikosea mguu, nusu ya watu hugeuka papo hapo na nusu huongeza hatua moja. Sauti nayo itoke tumboni. Ikitoka kooni, hupasuka na mstari wa nyuma hausikii.

Mwenzetu alituanzisha vizuri. Ua ukakaribia. "Nyuma..." Akanyamaza. Tuliona macho yake yakihesabu miguu yetu. Waya ukawa mbele ya vifua vya mstari wa kwanza ndipo akasema "geuka!", na kwa mguu usio wake. Tukagongana vifua kwa migongo. Afande hakupaza sauti. Alimsogelea, akamwonyesha atazame visigino vya mtu mmoja tu, wa kwanza kulia, aachane na wengine wote. Akarudia. Mara hii tuligeuka sote pamoja, na ule mshindo wa buti moja nausikia hadi leo.

Zile dakika chache ndizo mafunzo ya uofisa niliyoyaona kule, na mpango haukukusudiwa kutoa maofisa. Marekani walikwenda njia nyingine. Mwanajeshi Alden Partridge alianzisha chuo chake huko Norwich, jimbo la Vermont, mwaka 1819 akiamini raia msomi aweze pia kuongoza askari. Sheria ya 1862 ikavitaka vyuo vilivyopewa ardhi ya serikali vifundishe mbinu za kijeshi, na ile ya 1916 ikaunda ROTC, mpango wa kufunza maofisa vyuoni: mwanafunzi husoma digrii yake, huku akisomea uongozi wa kijeshi, na akihitimu hupata kamisheni, yaani cheo cha uofisa. Colin Powell, aliyekuja kuwa jenerali, alisomea jiolojia City College of New York, akatoka 1958 akiwa luteni-usu.

Kwetu, mhitimu anayetaka kamisheni huiomba baada ya digrii, kisha huenda chuo cha kijeshi cha Lanet kuanza ukadeti, mafunzo ya kuwa ofisa. Huenda ndiyo njia bora. Ukadeti wa muda wote una uzito wake. Lakini siachi kuwaza: kama kila mmoja wetu angeachiwa kikosi angalau muhula mmoja, tungeingia madarasani tukijua nini zaidi ya kutii? Hilo sijamjibu binti yangu, naye bado anasubiri.