Kwani simu haifanyi?

Harusi ya mdogo wetu ilipita salama alhamdulillah, na wale wageni wa Mombasa washaondoka na masanduku yao, boti mpaka Mokowe halafu basi, nyumba imerudi kuwa nyumba. Mimi kilichonibakia kichwani ni shemeji tu.

Ile kompyuta ndogo niliyokuwa naiunda mwenyewe, nimeimaliza. Ndani ni Raspberry Pi 4, ile kompyuta ya bodi moja ndogo, skrini ya inchi 7, betri za kwenye ile laptop iliyokufa pale saiba, na kesi, yaani kasha lake la plastiki, nimeiprinti mwenyewe kwa printa ya 3D hapa hapa nyumbani. Basi siku ya pili ya harusi tuko wenyewe kwa wenyewe tunamaliza pilau, nikaiweka mezani. Si kwa kuringa. Haya, kwa kuringa kidogo.

Shemeji akaishika, akaipima uzito kwa mkono, akaigeuza.

"Hii inafanya nini?"

"Kila kitu. Unaandika, unaingia mtandaoni, unatengeneza programu zako."

"Kwani simu yako haifanyi, shem?"

"Inafanya."

Dada akacheka, mama akacheka, mtu akaomba pilipili, wakaendelea na stori za mabibi harusi wa zamani.

Inafanya! Yaani nimekaa nayo muda wote ule nakuja kujibu inafanya. Tangu siku hiyo nikilala tu namjibu upya. Kuna usiku namwambia shemeji, hii ina pini 40 za kuunganishia vitu, nachomeka kipimo cha joto, nachomeka taa, nachomeka mota, simu yako utachomeka wapi, na yeye ananyamaza. Usiku mwingine namkumbusha simu yake ilivyovimba betri akaenda kununua nyingine nzima, mimi yangu ni skrubu nne nimefungua nimebadilisha. Halafu kuna ile ya Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, hiyo ndiyo naipenda zaidi, namuonyesha Wikipedia ya Kiswahili imo yote ndani ya kadi inafunguka bila bando na stima imekatika Amu (Lamu) nzima, na hapo hata mama anaacha kula. Lakini kila nikifika mwisho huyu mtu ananiambia, sawa shem, lakini simu inaingia mfukoni. Kichwani mwangu mwenyewe na bado ananishinda.

Kilichoniuma hasa ni kesi, hakuna aliyeitazama. Matundu ya hewa nimeyapanga kama lile ua la kwenye mlango wa kwa bibi, kila tundu nimelichora kwenye FreeCAD, programu ya kuchorea vitu vya kuprinti, na wote wale wamekulia nyuma ya mlango ule. Na kuprinti kwenye unyevu wa hapa si mchezo, filamenti, ule uzi wa plastiki wa kuprintia, inakunywa maji hewani, ikifika kwenye mdomo wa moto wa printa inapasuka papapa na kutoa vinyuzi kila mahali, ndiyo maana yangu inalala kwenye debe la biskuti na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na mama kila siku anafungua akidhani ni biskuti. Nimetumia plastiki ya PETG kwa sababu ile nyingine, PLA, ikifika nyuzi 60 hivi inalegea, na kitu cheusi kukaa juani kwenye boti nani anajua kitafika ngapi. Betri nazo ni volti 3.7, Pi inataka 5, kuna bodi ndogo ya kupandisha volti, ikizidiwa tu inatokea kwenye skrini ile alama ya radi ya kuonya kuwa umeme hautoshi. Sasa haitokei. Nani wa kumwambia haitokei?

Halafu jana baada ya magharibi, hodi, shemeji. Hakai. Anatoa mfukoni kitufe cha feni kimepasuka, kile cha kuzungusha.

"Shem, ile mashine yako yaweza kutoa hii?"

Nikakipima, nikakichora mbele yake, nikakiprinti, na yeye kimya ameinama anatazama ule mdomo wa printa unavyokwenda na kurudi, chai imepoa, simu inalia mfukoni hashiki. Kilipotoka akakigeuza geuza akasema mashaallah, hii ndiyo kazi. Kompyuta iko pale pale kando ya kiwiko chake imewaka, ndiyo niliyochorea, hakuiangalia hata mara moja. Nilicheka peke yangu alipoondoka, nikacheka mpaka mama akauliza kuna nini. Sikumlipisha. Ingawa dada ashanitumia meseji ana vitu vya jikoni vimevunjika na kitu cha karibu na moto mimi siprinti, mapema nimesema.

Ila kuna jambo lingine linanikosesha raha, punda wa ami. Tangu asubuhi hajala, amesimama tu pale ukutani masikio yameanguka, na ami anasema amenuna kwa sababu ya mizigo ya harusi. Punda haachi chakula kwa kununa. Kliniki ya punda iko pale mbele, ni kutembea tu, lakini ami ukimwambia mara mbili ndiyo kabisa haendi, na leo nishamwambia mara moja.