Mipeasi iliyokataa kuzaa: jinsi nilivyotatua

Mipeasi yangu hatimaye imeshika matunda, nami naandika ili mwingine asihangaike kama mimi.

Matawi yote yalipanda wima, majani tele, maua hakuna. Nilipunguza mbolea ya naitrojeni, haikutosha. Nilipogoa sana, machipukizi ya wima yakazidi. (Mpeasi wa aina nyingine, wa kuchavusha yangu, ulikuwepo jirani, kwa hiyo tatizo halikuwa hilo.)

Kilichofaa ni kuinamisha matawi. Nilichagua machanga ambayo bado hupinda bila kuvunjika, nikayavuta taratibu hadi pembe ya nyuzi 60 hivi kutoka kwenye shina, kisha nikayafunga kwa kamba kwenye vigingi. Kitanzi kilegee, kisije kikakata gome tawi likinenepa.

Sasa sikiliza hapa: angalia sana mahali unapofunga. Kamba ikiwa karibu na ncha, tawi hujikunja, na pale palipoinuka ndipo chipukizi la wima huchomoza kwa kasi. Isogeze kamba kuelekea katikati mpaka tawi lote linyooke, ncha ikibaki juu kuliko sehemu nyingine. Matawi niliyoyarekebisha hivyo yalitoa macho ya maua, manene kuliko ya majani. Kamba niliziondoa baada ya matawi kukomaa, nayo hayakurudi juu.